Namba Zisizofika Kijijini

Mwaka 2015 Kenya nzima ilikuwa ikizungumzia wilbaro. Serikali ya Kaunti ya Bungoma ilikuwa imenunua wilbaro kumi, zile Watanzania wanazoziita toroli, kwa Sh109,320 za Kenya kila moja. Maofisa walijitetea kwamba hizo hazikuwa za kawaida, kwamba zimetengenezwa kwa malighafi maalumu isiyoleta saratani. Utetezi huo uliongeza kicheko tu. Kesi ikafika mahakamani, na hadi leo ukiitaja Bungoma mbele ya Mkenya anayefuatilia siasa, wilbaro haichelewi kuingia kwenye mazungumzo.

Jumla ya fedha zote ilikuwa Sh1,093,200. Kwa bajeti ya kaunti, hizo ni hela za chai. Ripoti za ukaguzi za kaunti za miaka hiyo zilijaa hoja nzito kuliko hiyo mara nyingi, na hakuna anayezikumbuka. Kilichoipa wilbaro nguvu ni kwamba iliandikwa kwa idadi na kwa bei ya moja. Lau ingeandikwa "vifaa vya idara, Sh1,093,200", ingepita kimya kama zilivyopita nyingine. Fundi wa Webuye, hukohuko Bungoma, hahitaji shahada ya uhasibu kujua wilbaro inauzwaje dukani. Anajua kwa sababu amewahi kuinunua, au aliitaka akashindwa bei.

Mjadala wa uwazi wa fedha za serikali za mitaa kwetu huendeshwa kana kwamba swali ni moja: hesabu zimetolewa au zimefichwa? Kusema kweli, nyingi zimetolewa. Ila zinatolewa kwa ukubwa wa Dodoma na Nairobi, zinatolewa wakati fedha zimeshatumika na aliyezitumia ameshahama, na zinawekwa mahali ambapo hakuna wa kumuuliza. Mwenye kuweza kuzihakiki, yaani anayepita mbele ya jengo kila asubuhi, ndiye wa mwisho kuziona.

Tuanze na Tanzania, kwa sababu huku pengo kati ya sheria na ubao wa matangazo ni pana kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ni ya mwaka 1982. Wengi wanaodai uwazi leo hawakuwa wamezaliwa. Ndani yake halmashauri inatakiwa kutangaza, katika ofisi zake na kwa njia nyingine itakayoelekezwa, hesabu zilizokaguliwa pamoja na maoni ya mkaguzi. Kijijini, mkutano mkuu ambao kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wake unatakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu, na ajenda isiyopaswa kukosekana ni taarifa ya mapato na matumizi. Mwaka 2016 ikaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, inayomruhusu raia kuomba taarifa kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30. Ukisoma vitabu tu, utaona mwanakijiji wa Tanzania amepewa haki ambazo majirani zake wengi wangezitamani.

Sasa nenda ofisi ya kijiji yenye ubao. Utakuta ratiba ya chanjo, tangazo la mnada, orodha ya kaya maskini za mfuko wa TASAF, na pembeni karatasi iliyopauka kwa jua yenye kichwa cha Taarifa ya Mapato na Matumizi. Mapato: michango, faini, ada za mauziano ya ardhi, fedha zilizorudishwa na halmashauri. Matumizi: vifaa vya ofisi, usafiri, posho za vikao, mengineyo. Mengineyo ndiyo safu ninayoitazama kwanza, na sidhani kama niko peke yangu.

Hata karatasi hiyo ikiwa kamili na ya kweli, inaeleza fedha ndogo. Fedha za kijiji chenyewe ni kiduchu ukilinganisha na zinazopita kwa jina la kijiji: ruzuku ya shule, fedha za dawa za zahanati, ujenzi wa madarasa, matengenezo ya barabara. Hizo zinapangwa na kulipwa katika ngazi ambazo mwanakijiji hana kiti. Na baina ya ngazi hizo kuna hesabu ambazo kijiji hakiwezi kuzikokotoa hata kikitaka. Mfano mzuri ni ile asilimia 20 ya baadhi ya mapato ya ndani ambayo halmashauri inatakiwa kuirudisha vijijini. Halmashauri kutoirudisha, au kuirudisha pungufu, ni hoja ambayo wakaguzi wameiandika mwaka baada ya mwaka. Lakini mwenyekiti wa kijiji akitaka kudai haki yake anakwama kwenye swali la kwanza kabisa: asilimia 20 ya ngapi? Anajua korosho au mahindi yalitoka kijijini kwake kwa malori mangapi. Anajua ushuru wa mazao ulipunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5, ukawa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Asichojua ni kiasi kilichoandikwa kwenye mfumo kwamba kimekusanywa kutoka kwenye malori hayo.

Na mfumo unajua. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema tatizo letu ni uhaba wa takwimu. Katika miaka kumi na ushee iliyopita, TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, na Wizara ya Fedha zimetandaza mifumo mingi: PlanRep ya kupanga bajeti, FFARS ya hesabu za shule na zahanati tangu 2017, MUSE ya malipo, TAUSI ya mapato, na mashine za POS mikononi mwa wakusanya ushuru. Mama anayeuza nyanya gulioni akilipa ushuru wake, mashine inatema risiti na taarifa inakwenda. Jioni, mtu aliye na ruhusa ya kuingia kwenye mfumo anaweza kuona soko hilo limeingiza kiasi gani siku ile. Mama wa nyanya hawezi. Diwani wake naye atasubiri kabrasha la kikao cha robo mwaka, ambalo mara nyingi linamfikia siku chache kabla ya baraza kukaa, kurasa mamia, majedwali yenye maandishi madogo. Mifumo yetu ni kama gari lenye vioo vya giza: aliye ndani anakuona vizuri, wewe unajiona mwenyewe kwenye kioo.

Matokeo yake ni kwamba wizi unagundulika kwa kuchelewa hata pale ulipoacha alama. Wakusanya ushuru waliokusanya kwa POS wasipeleke benki wamekuwa wakitajwa kila mara kwenye ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Lau jumla ya makusanyo ya kila soko ingebandikwa sokoni kila Jumatatu, wafanyabiashara wenyewe wangeanza kupiga hesabu: tuko meza 140, kila mmoja analipa kadhaa, mbona karatasi inasema nusu? Ukaguzi wa namna hiyo haumgharimu CAG hata nauli.

Kalenda ya ukaguzi rasmi inafaa kuangaliwa kwa karibu, maana watu huilaumu ofisi ya CAG kwa kitu kilichomo ndani ya sheria. Mwaka wa fedha unaisha 30 Juni. Halmashauri ina miezi mitatu kufunga hesabu. CAG anakagua na kumkabidhi Rais ripoti mwishoni mwa Machi, kisha inawasilishwa bungeni Aprili. Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa, LAAC, inaita wakurugenzi na kuwahoji, na mjadala wa Bunge zima unakuja baadaye. Mwaka 2023 ulifanyika Novemba. Piga hesabu: darasa lililojengwa vibaya Agosti 2021 lilikuwa ndani ya mwaka wa fedha wa 2021/22, likaandikwa kwenye ripoti ya Aprili 2023, likajadiliwa Novemba 2023. Miaka miwili na zaidi. Wanafunzi walioanza kidato cha kwanza humo wanakaribia kuingia cha tatu, na mkurugenzi aliyesaini malipo yumkini yuko wilaya nyingine akiandaa bajeti nyingine.

Halafu kuna suala la hati za ukaguzi. Magazeti hupenda kuhesabu hati safi, na wakurugenzi hupenda kuzitaja kwenye risala za kumkaribisha mgeni rasmi. Hati safi maana yake ni kwamba vitabu vimeandaliwa kwa kufuata viwango na havina upotoshaji mkubwa. Halmashauri inaweza kujenga choo cha matundu manne kwa bei ya nyumba, ikaandika vizuri kila senti, ikapata hati safi. Ndiyo maana idadi ya hati safi inaweza kupanda miaka mfululizo bila mwananchi kuhisi tofauti yoyote zahanati. Hoja zenye uhai zimo ndani zaidi, kwenye taarifa ya halmashauri moja moja na kwenye viambatisho, na huko mwandishi wa habari wa redio ya wilaya hafiki mara nyingi. Nawapa heshima zao WAJIBU, taasisi iliyoanzishwa na CAG mstaafu Ludovick Utouh, kwa kuzigeuza ripoti hizo kuwa vijitabu vinavyosomeka kwa Kiswahili cha kawaida. Lakini hata kijitabu kizuri kinakuja baada ya ripoti, na ripoti imekuja baada ya darasa.

Ushahidi kwamba hali inaweza kuwa vingine upo karibu, Uganda. Katikati ya miaka ya 1990, watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuatilia ruzuku ambayo Serikali Kuu ilikuwa ikituma kwa shule za msingi kupitia wilaya. Waligundua kwamba kati ya 1991 na 1995 shule zilipata wastani wa asilimia 13 tu ya fedha zilizotakiwa kuzifikia. Nyingine zilibakia wilayani, zikafanya kazi nyingine, baadhi za siasa. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya kila mwezi, na baadaye shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Kufikia 2001 shule zilikuwa zinapata zaidi ya asilimia 80.

Kisa hiki kimesimuliwa katika semina nyingi za wafadhili kiasi cha kugeuka kuwa kama hadithi ya mtume. Waliokirudia kwa jicho kali wamekumbusha kwamba magazeti hayakufanya kazi peke yake: katika miaka hiyohiyo Uganda ilianza elimu ya msingi bila malipo mwaka 1997, fedha za elimu zikaongezeka, masharti ya ruzuku yakakazwa na Hazina ikawa inafuatilia. Naona wana haki. Ila wanachokisema hakiipunguzii Uganda uzito. Kinatuonyesha kwamba tangazo lilifanikiwa kwa sababu lilitaja kiasi kwa wilaya moja na kwa mwezi mmoja, na kwa sababu Hazina upande wa juu ilikuwa inauliza swali lilelile analouliza mwalimu mkuu upande wa chini. Namba ilibanwa pande mbili.

Tanzania ina namba ya aina hiyo na karibu hatuitumii. Ruzuku ya uendeshaji ni Sh10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, na tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 utaratibu ulikuwa Sh6,000 ziingie kwenye akaunti ya shule na Sh4,000 zinazobaki zinunue vitabu kupitia Serikali Kuu. Shule yenye wanafunzi 800 ingepaswa kuona Sh4,800,000 kwa mwaka, wastani wa Sh400,000 kwa mwezi. Mzazi aliyeishia darasa la saba anaifanya hesabu hiyo akiwa amesimama. Ni shule ngapi zimeiandika ukutani, karibu na orodha ya walimu wa zamu?

Kuna wakati tuliwahi kuona nguvu ya bei ya kitu kimoja ikifanya kazi kwa nchi nzima. Oktoba 2021 Serikali ilizindua matumizi ya mkopo wa Sh trilioni 1.3 kutoka IMF wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, na sehemu ya fedha hizo ikaenda kujenga madarasa 15,000. Kila darasa lilipangiwa Sh milioni 20. Rais alisema, mawaziri wakarudia, redio zikarudia, wakuu wa wilaya wakasimama kwenye misingi na kuirudia tena. Kufikia Desemba, ukimuuliza kijana wa bodaboda darasa linagharimu kiasi gani, angekujibu. Watu wakaanza kulinganisha: kwa wenzetu milioni 20 zimetoa darasa lenye vigae na meza, kwetu mbona sakafu inachubuka? Sikumbuki kipindi kingine ambacho bajeti ya maendeleo ilijadiliwa kijiweni kwa usahihi namna ile.

Bei hiyo moja ilikuwa na upofu wake. Mfuko wa saruji haukugharimu sawa mjini na visiwani, na pale ambapo milioni 20 hazikutosha, wananchi walichota maji, walisomba mchanga na mawe, au walichangishwa. Jasho hilo halikuingia kwenye hesabu yoyote. Ukiangalia kwenye mfumo, darasa la kisiwani na la barabarani yote ni milioni 20, na kijiji kilichojazia pengo hakionekani. Kwa hiyo hata namba iliyofika mtaani inahitaji mtu wa mtaani wa kuirekebisha.

Njia moja ya kumpa nafasi mtu huyo ni kusoma hesabu kwa sauti, jambo tunalolidharau kwa sababu halina skrini. Huko Rajasthan, India, chama cha wakulima na vibarua kinachoitwa MKSS kilianza Desemba 1994, katika kijiji cha Kot Kirana, kuitisha mikutano ya hadhara ambapo orodha za malipo ya kazi za umma zilisomwa jina kwa jina mbele ya wanakijiji. Ghafla watu wakawa wanasikia majina ya waliokwisha kufa yakiwa yamelipwa ujira, na kazi ambazo hazikuwahi kufanyika zikiwa zimekamilika. Hakukuwa na kompyuta. Kulikuwa na karatasi, kipaza sauti na watu wanaojuana. Harakati zilizoanzia huko zilichangia sana kuzaliwa kwa Sheria ya Haki ya Taarifa ya India ya mwaka 2005. Mkutano mkuu wa kijiji wa Tanzania kwa umbo lake ni jukwaa hilohilo, tayari limo ndani ya sheria. Tofauti ni kwamba kwetu mtendaji husoma jumla. Akisoma majina ya waliolipwa na kiasi cha kila mmoja, mkutano hautalala.

Kenya ilichukua njia ya kuandika kila kitu kwenye Katiba. Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 inatoa haki ya kupata habari, Ibara ya 201 inaweka uwazi kuwa msingi wa fedha za umma, na sheria ya kupata habari ya 2016 inataka jibu ndani ya siku 21, huku Tume ya Haki ya Utawala ikiwa na mamlaka ya kusikiliza malalamiko. Kaunti zote 47 zina tarehe zao: mpango wa mwaka kabla ya 1 Septemba, tathmini ya bajeti kufikia 30 Septemba, makadirio kufikia 30 Aprili. Msimamizi wa Bajeti anatoa ripoti ya kila robo mwaka inayoonyesha kaunti ipi imetumia nini, na Margaret Nyakang'o katika wadhifa huo amejijengea jina kwa kuziandika bila kupaka mafuta: safari, posho, madeni ya wakandarasi, kaunti zilizomaliza robo ya kwanza bila kutumia hata shilingi moja kwa maendeleo. Kwa mwaka wa fedha 2023/24 kaunti ziligawiwa Sh bilioni 385.4. Ripoti hizo zinakuja mapema kuliko za CAG wetu kwa mbali, na Mtanzania anayezisoma hana budi kuona wivu kidogo.

Lakini mkazi wa Turkana au Kwale bado anapata namba ya idara, si ya kisima. "Idara ya Maji, maendeleo, asilimia 31" haimwambii kama bomba la kijiji chao limo ndani ya asilimia hiyo. Mwaka 2011 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kusini mwa Sahara kuzindua tovuti ya takwimu huria, Rais Kibaki mwenyewe akiizindua, na shauku ile ilipoa kwa sababu zinazofanana na hizi. Faili lilikuwepo, swali la mtu halikuwemo ndani yake.

Makueni ndiyo inayonifanya nisikate tamaa. Chini ya Gavana Kivutha Kibwana, kati ya 2013 na 2022, kaunti hiyo ilijenga utaratibu wa kamati za wananchi kuanzia vijijini, na kwa kila mradi kamati ya wakazi inayoujua mkataba wake. Mkandarasi hakulipwa mpaka kamati hiyo ikubali kwamba kazi imefanyika. Taarifa za mikataba ziliwekwa pia mtandaoni, na wageni kutoka kaunti nyingine walikwenda kujifunza. Wengi waliorudi walizungumzia tovuti. Mimi naona siri iko kwenye sahihi ya malipo. Mwananchi aliyeshika mkataba, anayejua paa lilitakiwa liwe la geji gani, na ambaye bila yeye fedha hazitoki, ana sababu ya kusoma namba. Asiye na uwezo wa kuzuia chochote ataisoma mara moja, atasikitika, na mwakani hataisoma.

Uingereza imetoa funzo la upande wa pili. Halmashauri za England zimekuwa zikichapisha malipo yote yanayozidi pauni 500 tangu mapema miaka ya 2010, kwa imani kwamba wananchi watageuka wakaguzi wakiwa sebuleni kwao. Katika kipindi hichohicho chombo cha kitaifa kilichosimamia ukaguzi wa halmashauri hizo kikavunjwa mwaka 2015. Kufikia tarehe ya mwisho ya hesabu za 2022/23, ni asilimia 1 tu ya taarifa zilizokuwa zimekaguliwa kwa wakati. Malipo yalikuwa wazi kwa mamilioni ya mistari na bado hakuna aliyeweza kusema kwa hakika halmashauri zipo katika hali gani. Anayefikiri kwamba uwazi utampunguzia CAG kazi, au kwamba CAG anatosha bila wananchi, akaiangalie England.

Nimekutana na hoja za maofisa na si zote ni visingizio. Wanasema takwimu ghafi zitapotoshwa na wanasiasa, na kweli zitapotoshwa. Wanasema kubandika karatasi kila mwezi kunahitaji wino, na mtendaji wa kijiji mara nyingi hana printa. Kubwa zaidi, ambalo husemwa kwa sauti ya chini, ni kwamba anayetoa taarifa anajiweka kwenye hatari na anayeikalia hapati adhabu yoyote. Miaka ya nyuma si mbali: Tanzania ilijiunga na Ubia wa Uendeshaji wa Serikali kwa Uwazi (OGP) mwaka 2011 na kujitoa 2017, mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa kwa namna iliyofanya kutoa namba zinazopingana na za Serikali kuwa kosa, kabla ya kulegezwa 2019, na mwaka huohuo Bunge likaazimia kutofanya kazi na CAG, Profesa Mussa Assad, baada ya yeye kusema Bunge lina udhaifu katika kufanyia kazi ripoti zake. Mtendaji wa kata aliyepita katika miaka hiyo alijifunza kwamba karatasi isiyobandikwa haijawahi kumfukuzisha mtu kazi.

Mikopo ya asilimia 10 inaonyesha gharama ya woga huo. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgao wa 4, 4 na 2. Wakaguzi walikuta mikopo isiyorejeshwa na vikundi visivyokuwepo, na Aprili 2023 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kuisitisha kwa nchi nzima, hadi iliporejeshwa baadaye kwa utaratibu mpya. Kikundi hewa hakiwezi kuishi siku mbili kwenye ubao wa mtaa ambao kinadai kutoka. Jina la kikundi, mtaa, kiasi na tarehe ya mwisho ya kurejesha: mistari minne. Kukosekana kwa mistari hiyo kulisababisha vikundi halali vya akina mama wa batiki na vijana wa matofali vikose mkopo pamoja na matapeli.

Ningepewa nafasi ya kuomba kitu kimoja TAMISEMI, nisingeomba tovuti. Ningeomba kwamba kila malipo yanayotoka kwenye MUSE kwenda kwa shule, zahanati au kijiji yatume ujumbe mfupi kwa mkuu wa kituo, mwenyekiti wa kamati na diwani kwa pamoja, ukitaja kiasi na kazi iliyokusudiwa. Namba za simu zipo. Benki zinafanya hivyo kila mtu anapotoa Sh5,000 kwa wakala.

Na katika miradi ya force account, yaani ya kujenga kwa mafundi na kamati za eneo badala ya mkandarasi, ambayo shule na zahanati nyingi zinajengwa kwayo, hatuhitaji hata kusubiri Dodoma. Kuna kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, zote zikiwa na wajumbe kutoka kwa wananchi. Lori la saruji linapofika, mjumbe wa mapokezi anahesabu mifuko, anatazama bei kwenye karatasi ya kupokelea na kusaini. Idadi, bei ya mfuko mmoja, jina la duka na tarehe viko mkononi mwake siku ileile, mbele ya jengo lenyewe. Kwa sasa karatasi hiyo inaingia kwenye faili la mwalimu mkuu kumsubiri mkaguzi. Nakala yake moja ikigongwa msumari kwenye mwembe wa shule kabla lori halijageuza, bei ya saruji ya mradi itajadiliwa jioni hiyo na watu waliopita dukani asubuhi.